Jinsi ya Kuandaa na Kutumia Hojaji katika Kampeni ya Uraia ya Wanafunzi

Kila kundi la wanafunzi linapoanza kampeni ya uraia, maswali yaleyale hurudi: hojaji iwe na maswali mangapi, tuwaulize watu wangapi, majina yaandikwe au yasiandikwe, na tufanye nini iwapo majibu hayalingani na yale tuliyokuwa tukiyaamini? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu siku mnapochagua tatizo hadi siku mnapoyaweka matokeo mezani kwa mwenye mamlaka. Nimetumia neno hojaji. Wengine husema dodoso, na ni kitu kilekile.

Kwa kampeni ya uraia ninakusudia kazi ambayo wanafunzi huchagua tatizo la umma linalowagusa, hulichunguza, hupendekeza suluhisho, kisha hulipeleka kwa chombo chenye uwezo wa kulitekeleza. Hojaji ni sehemu ya uchunguzi. Inafaa jambo hili lieleweke mapema, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote ninayoyaona ni kundi kuigeuza hojaji kuwa tangazo la kampeni. Kampeni ina mdomo na ina masikio, na hojaji ni masikio. Nilijifunza hivyo kwa aibu: kundi la kwanza nililolisimamia liliwauliza watu kama wanaunga mkono usalama wa watoto, karibu wote wakajibu ndiyo, nasi tukaipeleka ripoti kwa furaha. Afisa aliyeipokea aliisoma kwa utulivu, akatuuliza swali moja tu: “Mlitarajia nani aseme hapana?” Hatukuwa na jibu.

Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme wanafunzi wanataka kivuko cha waenda kwa miguu kwenye barabara inayopita mbele ya shule. Badilisha tatizo upendavyo, kwani utaratibu ni uleule.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Ruhusa ya maandishi kutoka kwa mkuu wa shule, na ridhaa ya wazazi au walezi pale ambapo wahojiwa ni watoto na taratibu za mahali penu zinaitaka. Ulizeni mapema, kwa sababu kazi nyingi hukwama hapa.
- Orodha kamili ya watu mnaotaka kuwawakilisha. Kwa wanafunzi, daftari la mahudhurio linatosha.
- Mwalimu mlezi, mtu mmoja wa kutunza fomu, na watu wawili wa kuhesabu ambao hawatahesabu kwa pamoja. Sababu ya kuwatenganisha nitaieleza baadaye.
- Karatasi, kalamu, na sanduku lililofungwa lenye tundu la kupitishia fomu. Au, kama kila mhojiwa ana simu na intaneti, programu ya fomu za mtandaoni. Kompyuta yenye lahajedwali, yaani programu ya kupanga namba kwenye safu, hurahisisha kuhesabu, lakini si lazima.
- Wiki 3 hadi 4. Kundi linalotaka kumaliza kwa wiki moja huishia kuruka hatua ya majaribio, na hiyo ndiyo hatua isiyofaa kurukwa.

Hatua kwa hatua

1. Andikeni sentensi moja ya uamuzi.

Kabla ya swali lolote, andikeni sentensi inayotaja ni nani mnataka aamue na aamue nini. Kwa mfano: “Tunataka mamlaka inayosimamia barabara ichore kivuko na kuweka alama ya kupunguza mwendo mbele ya lango la shule.” Sentensi kama “tunataka kuelimisha jamii kuhusu usalama barabarani” haifai, kwa sababu haina mwamuzi wala haina uamuzi, na hojaji itakayotokana nayo itauliza kila kitu bila kupata chochote. Ibandikeni sentensi hiyo ukutani mahali mnapofanyia kazi.

2. Choreni majedwali matupu.

Hatua hii huwashangaza wengi. Jiulizeni ni majedwali gani mtakayomwonyesha mwamuzi, kisha yachoreni sasa hivi yakiwa hayana namba. Katika mfano wetu yanaweza kuwa matatu: wanafunzi wangapi huvuka barabara hiyo na kwa siku ngapi kwa wiki, ni sehemu gani wanapovukia, na wangapi walilazimika kurudi nyuma au kukimbia kwa sababu ya gari katika kipindi kilichotajwa. Kila swali litakaloandikwa baadaye lazima lijaze nafasi katika jedwali mojawapo. Swali lisilo na pa kwenda lifutwe, hata kama limependekezwa na mwenyekiti.

Kwa njia hii mtagundua pia kwamba baadhi ya mambo hayahitaji hojaji kabisa. Idadi ya magari yanayopita kwa saa huhesabiwa kwa kusimama mahali salama kando ya barabara na daftari. Hakuna haja ya kumuuliza mtu akisie.

3. Chagueni watu wa kuwauliza.

Hapa ndipo swali la “watu wangapi” linapopata jibu, lakini swali lenye uzito zaidi ni watu gani. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma takriban karatasi milioni 10 za kura ya maoni kuhusu uchaguzi wa rais, likapata majibu zaidi ya milioni 2, na likatabiri kwamba Alf Landon angeshinda. Franklin D. Roosevelt ndiye aliyeshinda, na alishinda kwa kishindo. Majina yalikuwa yametolewa kwa sehemu kubwa katika orodha za wenye simu na wenye magari, katika miaka ya dhiki ambapo vitu hivyo vilikuwa vya wenye uwezo; isitoshe, waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa na msimamo sawa na wale walionyamaza. Wingi wa majibu haukuliponya kosa la kuchagua.

Kwa hiyo msisimame langoni na kumuuliza kila apitaye. Mtawapata marafiki zenu, wenye haraka watawakwepa, na wanaotumia lango jingine hamtawaona. Fanyeni hivi: tuseme shule ina wanafunzi 600 nanyi mna nguvu ya kuwauliza 120. Gawanyeni 600 kwa 120, mtapata 5. Andikeni namba 1 hadi 5 kwenye vikaratasi, chukueni kimoja bila kutazama, na hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Ikitoka 3, mtamchukua mtu wa 3 kwenye orodha, kisha wa 8, wa 13, wa 18, na kuendelea hadi mwisho. Kama mnataka madarasa yote yawakilishwe sawasawa na ukubwa wake, na madarasa ya chini yana wanafunzi 240 na ya juu 360, basi chukueni 48 kutoka ya chini na 72 kutoka ya juu kwa utaratibu huohuo.

Kuhusu idadi, ipo kanuni ya haraka inayotosha kwa kazi hii: sampuli, yaani kundi dogo la kuwawakilisha wote, ikiwa ya watu 100 waliochaguliwa kwa bahati nasibu huweza kupishana na hali halisi kwa takriban asilimia 10 juu au chini, na sampuli ya watu 400 kwa takriban asilimia 5. Kumbe kulipunguza pengo kwa nusu kunahitaji watu mara nne, na ndiyo maana siwashauri wanafunzi kukimbizana na maelfu. Kama shule au mtaa una watu wasiozidi 150 hivi, waulizeni wote, mambo yaishe.

*Tahadhari:* mtu aliyechaguliwa akikosekana, msimweke jirani yake aliye karibu. Rudini kumtafuta mara mbili au tatu. Anayekosekana mara kwa mara huenda ndiye anayetembea mbali zaidi, na maoni yake ndiyo mnayoyahitaji.

4. Andikeni maswali.

Maswali 10 hadi 15 yanatosha. Yaenee kwenye karatasi moja, pande zote mbili ikibidi, na yajibiwe kwa muda usiozidi dakika 10. Mengi yawe maswali funge, yaani yenye majibu ya kuchagua, kwa sababu ndiyo yanayohesabika. Wekeni moja au mawili ya wazi, ambayo mhojiwa ataandika kwa maneno yake. Zaidi ya hapo mtazama katika rundo la maandishi msiloweza kulisoma kwa wakati.

Makosa ya hatua hii ni mengi, nami nitayataja yale ninayokutana nayo karibu kila mara.

*Swali elekezi.* “Je, huoni kwamba barabara hatari iliyo mbele ya shule yetu inahitaji kivuko haraka?” Swali hili limeshajijibu. Neno “hatari” limemwamulia mhojiwa, na neno “yetu” limemwomba awe upande wenu. Liwe hivi: “Unapovuka barabara iliyo mbele ya shule, huwa unajisikia salama kiasi gani?” Majibu yawe: salama kabisa, salama kiasi, si salama sana, si salama hata kidogo, sivuki barabara hiyo. Jibu la mwisho ni la lazima, kwa sababu bila hilo anayepita njia nyingine atalazimika kubuni hisia asizokuwa nazo.

*Swali lenye mambo mawili.* “Je, madereva huendesha kwa kasi na kuwapuuza wanafunzi?” Anayeona kasi lakini haoni kupuuzwa ajibu nini? Pitieni kila swali mkitafuta maneno “na”, “au” na “pamoja na”. Mkiyakuta, yaelekea swali hilo linataka kugawanywa.

*Swali la kukanusha.* Hili lina mtego wa pekee katika Kiswahili. Ukimuuliza mtu, “Hujawahi kukoswakoswa na gari?” naye akajibu “ndiyo”, huenda anakubaliana nawe kwamba hajawahi, au anakiri kwamba amewahi. Katika mazungumzo sauti na sura hulitatua jambo, lakini kwenye karatasi kuna alama ya vema tu. Ulizeni: “Je, umewahi…?” na majibu yawe sentensi kamili: “Ndiyo, nimewahi” na “Hapana, sijawahi”.

*Muda usiojulikana.* “Huvuka barabara mara nyingi?” Mara nyingi ya huyu ni mara chache ya yule. Taja kipindi kifupi na cha karibu: “Katika siku 5 za masomo zilizopita, ulivuka barabara hii kwa siku ngapi?” Kumbukumbu ya wiki iliyopita ina uhakika kuliko ya mwaka uliopita. Na mkiuliza saa, andikeni kwa maneno, “saa 1 asubuhi”, kwa sababu tarakimu 7:00 kwenye fomu wengine wataisoma asubuhi na wengine wataihesabu kuwa saa 7 mchana.

*Makundi yanayogongana.* Mkiandika umri “miaka 10 hadi 12” na “miaka 12 hadi 14”, mwenye miaka 12 ana nyumba mbili. Andikeni 10–12, 13–15, 16 na zaidi, na hakikisheni hakuna umri ulioachwa nje.

*Sentensi za kukubali na kukataa.* Mizani ambayo mwanasaikolojia wa Marekani Rensis Likert aliieleza mwaka 1932, ile ya kuanzia “ninakubali kabisa” hadi “sikubali kabisa”, ni chombo kizuri, lakini watu wengi huelekea kukubali tu, hasa wanapomheshimu anayeuliza. Mkiitumia, sentensi chache ziandikwe kwa mwelekeo wa kinyume: moja iseme “Madereva hupunguza mwendo wanapoikaribia shule,” nyingine iseme “Magari hupita hapa kwa kasi inayotisha.” Mtu aliyekubali zote mbili hakusoma. Hata hivyo, ninaona ni bora kuuliza jambo lenyewe moja kwa moja kuliko kuomba ukubali au ukatae.

*Neno moja linalogeuza jibu.* Msidhani kwamba kukataza na kutoruhusu ni jambo moja kwa msikilizaji. Mwaka 1941 mtafiti Donald Rugg alichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kuhusu hotuba za hadhara za kuipinga demokrasia: waliosema hotuba hizo zisiruhusiwe walikuwa wengi kwa kiasi kikubwa kuliko waliosema zikatazwe, ingawa kwa mantiki maswali yalikuwa sawa. Basi mkiandika “kuwazuia madereva” mahali pa “kuwaomba madereva”, jueni mmebadilisha swali.

Maswali ya taarifa binafsi yawe machache: darasa, jinsi, namna ya kufika shuleni. Jina lisiandikwe. Badala yake, kila fomu iwe na namba yake juu ya ukurasa, ambayo itawasaidia kuirejea fomu wakati wa kuhesabu bila kujua ni ya nani.

5. Yapangeni maswali.

Anzeni na swali rahisi lenye uhusiano wa wazi na mada, mfano namna ya kufika shuleni. Mambo aliyoyafanya mhojiwa yatangulie maoni yake, na ya jumla yatangulie ya ndani. Swali la pendekezo lenu, yaani kivuko, liwe karibu na mwisho, kwa kuwa likitangulia litayapaka rangi yote yanayofuata. Taarifa binafsi zije mwisho kabisa. Mkitaka kumrusha mtu hatua, andikeni wazi: “Kama umejibu ‘Hapana’, nenda swali la 9.”

6. Andikeni utangulizi wa mistari michache.

Mhojiwa anapaswa kujua nyinyi ni nani, kazi ni ya nini, itamchukua muda gani, majibu yatatumikaje, na kwamba ana hiari ya kukataa au kuacha swali lolote. Mfano: “Sisi ni wanafunzi tunaochunguza namna watu wanavyotumia barabara iliyo mbele ya shule. Tunaomba dakika 10 zako. Usiandike jina. Unaweza kuacha swali usilotaka kulijibu. Muhtasari wa majibu ya wote utapelekwa kwa mamlaka ya barabara na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo.” Angalia kwamba kivuko hakikutajwa. Huo si udanganyifu, kwa kuwa mada imesemwa kwa ukweli. Kilichoachwa ni msimamo wenu tu.

Msiahidi msichoweza. Kama fomu ina darasa, jinsi na umri, na darasa lenyewe lina wasichana watatu, mhojiwa anajulikana hata bila jina. Ondoeni kimojawapo.

7. Ijaribuni kwa watu wachache.

Wapeni fomu watu 5 hadi 10 wanaofanana na wahojiwa wenu lakini wasiomo katika sampuli. Pimeni muda wao kwa saa. Wakimaliza, msiwaulize kama fomu ni nzuri, maana watasema ni nzuri. Waombeni waeleze kwa maneno yao kila swali linauliza nini, na mahali walipositasita. Mtashtuka. Swali mlilolibishania kwa saa nzima litakuwa limeeleweka bila shida, na lile mliloliona jepesi, kama “Unakaa mbali na shule?”, litakuwa limezaa tafsiri tatu: kilomita, dakika, au kupanda gari. Rekebisheni, kisha mjaribu tena kwa watu wengine wawili watatu. Baada ya hapo fungeni mjadala na mchape nakala zote kwa pamoja, kwa sababu swali likibadilishwa katikati ya kazi majibu ya kabla na ya baada hayawezi kujumlishwa.

8. Kusanyeni majibu.

Njia ni tatu. Kugawa fomu darasani na kusubiri zijazwe hurudisha fomu nyingi, mradi mwalimu asipite katikati ya madawati akisoma na kila mmoja aitumbukize yake kwenye sanduku. Kuhoji ana kwa ana huwafaa watu wasiosoma kwa urahisi na wazee, lakini wahojaji wote wasome maswali kama yalivyoandikwa, neno kwa neno, bila kuongeza “yaani”. Akiuliza maana, rudia swali. Asipoelewa bado, andika kwamba hakuelewa. Mtandao ni wa haraka na rahisi, ila huwaacha nje wasio na simu, na kiungo kikizunguka katika makundi ya mazungumzo hamtajua tena ni nani aliyejibu au amejibu mara ngapi.

Wahojaji waende wawili wawili, mchana, kwa wenyeji wanaofahamika, na mwalimu mlezi ajue walipo. Wavae kitambulisho cha shule, wasiingie ndani ya nyumba, na mtu akikataa wamshukuru na kuondoka. Kubishana na anayekataa ni kuiharibia kampeni nzima.

Wekeni kumbukumbu ya kila siku: fomu ngapi zimetoka, ngapi zimerudi, wangapi wamekataa. Mtazihitaji namba hizo kwenye ripoti.

9. Hesabuni.

Pitieni fomu zote kwanza na mtenge zilizoachwa tupu au zilizojazwa kwa utani ulio dhahiri, huku mkiandika idadi yake na sababu ya kuzitenga. Amueni kanuni ya kutenga kabla ya kuona matokeo, vinginevyo mtajikuta mkizitilia shaka zaidi fomu zinazowapinga.

Kwa kila swali, mhesabu wa kwanza aweke mistari minne na kuikata kwa wa tano, kisha aanze fungu jipya. Mhesabu wa pili afanye hivyohivyo kwenye karatasi yake bila kuona ya mwenzake. Namba zikilingana, endeleeni. Zisipolingana, rudieni swali hilo tu. Kwenye lahajedwali, kila safu ya mlalo iwe fomu moja na kila safu ya wima iwe swali moja, na namba ya fomu iandikwe mwanzoni.

Asilimia hukokotolewa kwa waliojibu swali hilo. Tuseme fomu halali ni 118, waliojibu swali la 4 ni 112, na waliochagua “si salama sana” au “si salama hata kidogo” ni 63. Gawanyeni 63 kwa 112, zidisheni kwa 100, mtapata asilimia 56. Mkigawanya kwa 118 mtapata 53, na mwamuzi mwenye kikokotozi atauliza imetoka wapi. Andikeni hivi: “Wanafunzi 63 kati ya 112 waliojibu swali hili (asilimia 56)”. Msiandike asilimia 56.25, sampuli ya ukubwa huo haina uwezo wa kupima sehemu ndogo kiasi hicho.

Baada ya jumla, linganisheni makundi mawili au matatu yenye maana, kwa mfano wanaokuja kwa miguu na wanaokuja kwa gari. Kundi likiwa na watu 8, tajeni watu, si asilimia, kwani “asilimia 75 ya waendesha baiskeli” ikiwa ni watu 6 kati ya 8 itawavunjia heshima.

Majibu ya wazi yasomwe na watu wawili, wayaweke katika mafungu wanayoyakubali wote, kama kasi, giza, kutoona kona, kutokuwepo kwa msimamizi. Chagueni nukuu mbili tatu fupi zinazowakilisha mafungu makubwa, zisizomtambulisha mtu, na moja kati yake iwe ya anayewapinga.

10. Pelekeni matokeo kwa mwamuzi.

Ukurasa mmoja unatosha, na viambatisho nyuma yake. Utaje mliwauliza nani, mliwachaguaje, wangapi walijibu kati ya wangapi, na lini. Kisha matokeo matatu makubwa. Kisha ombi lenu, kwa sentensi ileile ya hatua ya 1. Ambatanisheni hojaji yenyewe, ili msomaji ajionee kwamba hamkuuliza kwa hila. Hapa sasa ndipo mdomo wa kampeni unaporuhusiwa kufunguka, na utasikika vizuri zaidi kwa kuwa masikio yalitangulia. Wakiuliza wanafunzi wanaingiliaje, kumbusheni kwa adabu kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu na kuzingatiwa kulingana na umri na ukomavu wake.

Wabandikieni pia wahojiwa muhtasari. Mliwaahidi.

Mambo yakienda mrama

*Fomu chache zimerudi.* Kumbusheni mara moja au mbili, ikiwezekana kwa mtu mwingine tofauti na aliyezigawa. Zikibaki chini ya nusu, semeni hivyo kwenye ripoti na mlinganishe waliojibu na orodha yote kwa darasa na jinsi. Kama madarasa ya chini hayamo kabisa, msizungumze kwa niaba yao.

*Wengi wamechagua “sijui”.* Huenda swali ni gumu, au linauliza jambo wasilolijua, kama gharama ya kivuko. Liondoeni kwenye matokeo makuu na msilitafsiri kuwa ni kutojali.

*Mmegundua swali bovu baada ya kukusanya.* Msilifiche na msilirekebishe kwa kukisia mhojiwa alikusudia nini. Liacheni nje, mtaje sababu kwa sentensi moja.

*Wahojaji wawili wana majibu tofauti mno.* Mmoja huenda anaongeza maelezo yake au anajaza mwenyewe kivulini. Warudieni wahojiwa wake wachache mthibitishe. Zikiwa za kubuni, fomu zake zote zitolewe, hata kama idadi itapungua.

*Mhojiwa ameandika jambo zito,* kwa mfano kwamba anapigwa au ananyanyaswa. Hilo si la kampeni tena. Mwanafunzi asilichunguze wala kulisimulia. Fomu ikabidhiwe mwalimu mlezi siku hiyohiyo ili afuate utaratibu wa shule wa kumlinda mtoto. Mkubaliane kuhusu hili kabla ya fomu ya kwanza kutoka, na mlitaje kwenye utangulizi ikiwa mada yenu iko karibu na mambo hayo.

*Matokeo yanawapinga.* Tuseme wengi wamejibu kwamba wanajisikia salama kuvuka, ila wanaogopa giza la jioni kwenye njia ya nyuma ya shule. Kundi litanuna, na mtu atapendekeza kuuliza upya kwa maneno mengine. Kataeni. Rudini kwenye sentensi ya hatua ya 1 na muibadilishe: mwamuzi huenda sasa ni mwingine, na ombi ni taa badala ya kivuko.